Mmemwandika Siye, Mmemwacha Ndiye

Bi Kuruthumu Swaibu,
Ujiji,
Kigoma.
Agosti 1997.

Mwenyekiti,
Kamati ya Muda ya Kutambua na Kupanga Wageni,
Kigoma Mjini.

YAH: KUANDIKWA MTU SIYE NA KUACHWA MTU NDIYE

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuamkia kwa heshima zote za cheo chako. Zile za umri zisubiri siku nitakayokuona, maana sijui kati yetu nani anapaswa kumpa mwenzake shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa hilo linalonifanya niandike. Natumaini nawe u mzima, na kwamba umeketi, kwa kuwa barua hii ni ndefu na hoja zake zinapanda.

Mimi ni mjane na muuza vitumbua. Nyumba yangu ipo kwenye ile barabara ya zamani inayoteremka ziwani. Ujiji, kama unavyojua, ni mji wa historia. Unajulikana dunia nzima kwa sababu wazungu wawili waliwahi kukutana hapa wakaamkiana, na kwa kuamkiana huko wakajengewa mnara. Sisi wenyeji tunaamkiana tangu alfajiri hadi isha, mtu mmoja anaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za ule mguu na za yule mbuzi, na hatujajengewa hata benchi. Hilo silo lalamiko langu. Nalitaja tu ili ujue kwamba ninayo malalamiko mengine ambayo nimeyazuia kwa adabu.

Katika nyumba yangu tunaishi watu watatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Eufrasia, mdogo wangu wa hiari, mwanika dagaa, aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa binti mdogo, na ambaye tangu hapo hajaupa mji huu mgongo isipokuwa kwenda Kalinzi kununua maharage. Wa tatu ni mwanafunzi kutoka Norwei, aliyetumwa na chuo chake wakati wa likizo ya kiangazi aje ajifunze Kiswahili na historia ya mji wetu mkongwe. Jina lake kwenye pasi ni Ragnhild. Ni jina ambalo ukilitamka bila maji karibu unapaliwa, kwa hiyo tunamwita Rahili.

Wiki iliyopita wajumbe wako walifika kwangu: afisa, karani, na mgambo mwenye rungu. Sina ubaya nao. Walivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, na mgambo aliweka rungu chini ili ale vitumbua kwa mikono miwili. Lakini walipoondoka, Eufrasia alikuwa ameandikwa kuwa mkimbizi anayeishi nje ya kambi, na kuamriwa Jumamosi asubuhi akae mlangoni na mzigo mmoja asubiri gari. Rahili alikuwa amepigiwa saluti na kushauriwa achemshe maji ya kunywa.

Ndugu Mwenyekiti, mmekosea. Katika nyumba yangu mkimbizi yupo, sikatai, ila mliyemwandika siye. Naomba mbadilishe: mumwache Eufrasia, mumchukue Rahili. Sababu zangu nazitaja kwa namba, kwa kuwa nimeambiwa ofisi hazisomi kisicho na namba.

1. Mhusika alikiri mwenyewe.

Mbele ya afisa wako, karani wako na kuku wangu wote, Rahili aliulizwa kwa unyenyekevu mkubwa yeye ni nani. Akajibu kwa Kiswahili kinachosikika vizuri: "Mimi ni mkimbizi." Hakuna aliyemlazimisha. Akaongeza kwamba ukimbizi aliuanza akiwa na miaka sita, kwamba mama yake ni mkimbizi hodari kuliko yeye, na kwamba baba yake naye alikuwa mkimbizi ila goti lilimuuma akaacha. Afisa wako alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Najua utakachosema. Mwalimu Leodgar, mstaafu wetu anayemfundisha Rahili kila asubuhi barazani kwangu, naye alisema hivyo hivyo: binti alikusudia kusema "mkimbiaji", mtu wa riadha, maana huko kwao anakimbilia chuo chake mbio ndefu. Mwalimu amenieleza na tofauti. Mkimbiaji anakimbia kwa sababu ya kilicho mbele yake, mkimbizi anakimbia kwa sababu ya kilicho nyuma yake. Ni maelezo matamu na nimeyapenda. Lakini nauliza: kama Eufrasia angesema siku ile kwamba yeye ni mkimbiaji, karani angeweka kalamu chini aende kwa Mwalimu Leodgar kuulizia tofauti? Au neno likitoka kinywani mwa huyu ni kosa la sarufi, na likitoka kwa yule ni kosa la jinai?

Tena sisi neno hilo tulilipokea kwa uzito wake wote. Mwalimu aliniambia tu kwamba nitaletewa mgeni. Mgeni mwenyewe alipofika, mwezi wa sita, na mkoba mgongoni mkubwa kuliko yeye, akasimama mlangoni akasema ni mkimbizi. Hatukumwuliza karatasi. Miaka hii watu wamevuka ziwa kutoka Burundi, na kutoka Zaire ambayo nayo juzi juzi imelikimbia jina lake. Sisi ni nani hata tushangae kwamba Norwei nako kumeharibika? Safina wa jirani alileta sufuria. Bonaventura mvuvi alileta migebuka. Mimi nilitoa blanketi la marehemu mume wangu. Eufrasia alitoa kanga yake nzuri, na nzuri anayo moja. Rahili alilia kwa furaha. Baadaye tulikuja kujua kwamba aliwaandikia wazazi wake kuwa Ujiji ni mji unaothamini wanariadha kuliko mji wowote aliowahi kuutembelea.

2. Sikio la karani wako.

Afisa alipomnyooshea Eufrasia kidole na kuuliza, "Mkimbizi wa nyumba hii ndiye huyu?" nilijibu mimi, kwa sauti iliyofika bombani: "Siye!" Nikiwa na maana kwamba sio yeye. Karani akaandika haraka haraka, kwa furaha ya mtu aliyerahisishiwa kazi. Karani huyo alikwisha kutuambia kwamba ni mzaliwa wa pwani, na Mwalimu Leodgar ndiye aliyenizindua baadaye kwamba kwao pwani mtu akisema "siye" anasema "sisi". Kwa hiyo mimi nilipokuwa nakanusha, yeye alisikia nakiri!

Sasa angalia msiba huo. Aliyekiri kweli kweli alichekewa, na aliyekanushwa akaandikwa. Naomba makarani wanaoletwa kutoka pwani wapewe kwanza mwezi mmoja wa kukaa Kigoma wakisikiliza tu, bila kalamu.

3. Dalili za nje.

Mkimbizi hujulikana kwa kukimbia. Eufrasia hakimbii. Hata mvua imkute amekwisha kutandaza dagaa mchangani, huenda kuwaanua kwa mwendo wa harusi, huku akiitukana mvua. Rahili hukimbia kila siku ya Mungu, kutoka Ujiji hadi Kigoma Mjini na kurudi.

Asubuhi yake ya kwanza wanawake tulikuwa bombani. Tukamwona mzungu anatokea upande wa ziwani, anakimbia, uso mwekundu, kaptura fupi, macho mbele. Ndugu Mwenyekiti, wewe unajua miaka tuliyo nayo. Mtu akitokea ziwani anakimbia humwulizi kuna nini. Unanyakua mtoto aliye karibu, awe wako au wa mwenzio, unakimbia. Safina alikimbia na ndoo ya maji kichwani na haikumwagika. Mtaa mzima ukafuata. Tulipofika Buzebazeba watu walitoka nje wakauliza kulikoni. Tukawajibu hatujui, ila mzungu anakimbia, na mzungu huambiwa mambo mapema. Buzebazeba nayo ikakimbia. Bonaventura, ambaye daktari amemkataza hata kuvuta nyavu, alinipita kama sijulikani.

Rahili akageuka, akaona umati. Akadhani tumemwandalia mashindano. Akaongeza mwendo! Sisi tulipoona ameongeza mwendo tukasema basi, yamekaribia, tukaongeza na sisi. Pale mtaa wa Mwanga akasimama, akainua mikono yote miwili juu na kushangilia, kwa kuwa alikuwa ameshinda. Tukamzunguka tukihema, tukamwuliza ni nani wanaokuja. Akasema hakuna anayekuja, yeye hukimbia kwa ajili ya afya. Hapo nilitambua kwamba hali yake ni mbaya kuliko tulivyodhani, maana wakimbizi wengine angalau wanajua wanachokikimbia. Tulirudi kwa miguu, polepole, tukirudishiana watoto njiani.

Mtu mmoja tu hakukimbia siku ile, naye ni Eufrasia. Tulimkuta bombani amekalia ndoo yake, akiwa wa kwanza kwenye foleni. Safina alimwuliza kwa ukali kwa nini hakukimbia na wenziwe. Akasema, "Mimi nilikimbia rimwe, mara moja. Yatosha." Kisha akafungulia maji.

4. Walichokikimbia.

Kwa kuwa afisa wako hakumwuliza Rahili hata swali moja juu ya nchi yake, nimefanya uchunguzi mwenyewe. Matokeo yanatisha. Kule kaskazini wanakotoka, ukifika mwezi wa sita jua halitui. Sisemi linachelewa, nasema halitui. Nilimwuliza isha inaswaliwa saa ngapi, akakodoa macho. Kisha ukifika mwezi wa kumi na mbili jua halichomozi kabisa, na serikali yao ipo, inatazama. Chakula cha jioni wanakula saa kumi alasiri, na baada ya hapo hawana tena jambo la kungojea. Ukimwamkia mtu usiyemjua barabarani, anaushika mkoba wake. Bibi yake mzaa mama, mzima, mwenye akili zake na meno yake, amewekwa katika nyumba ya wazee wasio ndugu zake, na mjukuu akitaka kumwona hupiga simu kwanza kuuliza kama siku hiyo inafaa. Rahili alitusimulia hayo yote kwa uso mkavu, huku akila ugali. Safina alishindwa kuvumilia, akatoka nje kulia. Jambo moja tu la kistaarabu nimelipata katika nchi ile: wanajua kukausha samaki.

Eufrasia alikimbia nini? Hakuna aliyemwuliza, nami miaka yote hii sijamwuliza. Siku alipofika alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, na hakutaka tumfungue. Tulipomfungua tukajua kwa nini. Mume wangu Jumanne, Mungu amrehemu, ndiye aliyekwenda kuwaomba wamisheni mahali pa kumzika mtoto, na tangu mwaka ule Eufrasia hufagia pale kila Jumapili akitoka misa. Mimi nasema mtu mwenye kaburi la kufagia mahali, mahali hapo ni kwao. Sheria inasemaje sijui.

5. Lugha, adabu na kujua watu.

Nilimwomba Mwalimu Leodgar awafanyie mtihani wote wawili, palepale barazani, ili barua hii iwe na elimu ndani yake. Eufrasia alishinda somo la kupatana bei, somo la matusi ya mwaloni wanakoshusha samaki na somo la kujua nani kamwoa nani. Kiswahili chake kina Kiha na Kirundi ndani, lakini changu pia kinacho, na cha Mwalimu kinacho, ila yeye anakificha. Rahili amejitahidi sana. Tatizo lake ni kwamba huitikia "marahaba" kabla hajaamkiwa. Alimwitikia hivyo Sheikh. Alimwitikia hivyo mkuu wa soko. Afisa wako alipokohoa mlangoni, alimwitikia marahaba kwa upole wa bibi kizee.

Halafu kuna hiyo historia aliyotumwa kuikusanya. Amezunguka mji mzima akiuliza habari za misafara ya zamani. Kila ua alioingia aliambiwa kuwa msafara wa kwanza ulilala hapo hapo, tena kiongozi wake alisifu mchuzi. Kwa utafiti wa Rahili, msafara ule ulilala katika kila nyumba ya Ujiji, na huko Simbo ulirudi kulala mara ya pili. Binti alikuwa anakwenda kuyapeleka yote hayo chuoni kwao! Eufrasia ndiye aliyemwonya: "Mwana wanje, mwanangu, mtu wa Ujiji akikupa habari za babu yake, gawanya kwa tatu." Mgeni hawezi kutusema hivyo. Uongo wetu anaujua kwa kipimo mwenyeji peke yake.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rahili tulimpa jembe siku ya tatu. Alipiga nalo picha. Eufrasia mipini amebadilisha mpaka jembe lenyewe limekuwa dogo kama kijiko, na Mwenge wa Uhuru ukipita huuchangia kila mwaka, hata ule mwaka ambao mimi nilijificha chooni.

6. Nitabaki na nani?

Hili si hoja na najua. Nilipofiwa, Eufrasia alikaa eda pamoja nami. Yeye ni Mkristo, eda haimhusu, lakini alikaa ndani nami mpaka ilipokwisha, na padri wao akatuma mtu kuja kuuliza kama amesilimu. Mwezi wa Ramadhani huamka kunipikia daku, na Krismasi mimi ndiye ninayemchinjia kuku. Naogopa, Ndugu Mwenyekiti. Nimeliweka neno hili hapa katikati ya namba ili lisionekane sana.

7. Hema.

Sasa tufike kwenye hoja ambayo hata mwanasheria hataipindua. Nimesikia kwamba huko kambini watu wanalala kwenye mahema, na kwamba mahema hayatoshi. Rahili amekuja na hema lake! Amelibeba kutoka Norwei mgongoni. Nilipomwuliza la kazi gani, alinieleza bila kuona haya kwamba kwao watu wenye nyumba nzuri, zenye milango na vitasa, huziacha nyumba hizo wakati wa likizo wakaenda kulala porini ndani ya kitambaa, wakaumwa na wadudu, wakapika kwenye vikopo vya bati, na jambo hilo huitwa mapumziko. Hulingojea mwaka mzima. Wiki ya pili alilisimamisha hema uani kwangu akalala humo kwa raha zake, na asubuhi kuku walikuwa wamehamia ndani pamoja naye.

Eufrasia hawezi hema. Amezoea chumba chenye dirisha upande wa ziwa, na asipouona ziwani mwanga wa karabai za wavuvi anasema hajui kama kesho kuna dagaa. Basi mnamchukua mwenye chumba mkamtafutie hema, mnamwacha mwenye hema akae chumbani. Hiyo ndiyo mipango?

8. Manufaa kwa taifa.

Siku Rahili atakapoandikishwa kambini, balozi wa kwao hatamaliza wiki hajafika. Atakuja na magari meupe mengi na watu wa kupiga picha. Kambi itapata bomba la maji, taa, na bila shaka daktari wa meno. Watu kama Eufrasia wamekaa huko miaka na miaka, na sijasikia balozi aliyeshuka kwenye gari kuuliza wanakula nini. Nashangaa kamati yenu haijaliona hili mapema. Ningekuwa mimi, ningeweka Mnorwei mmoja katika kila kambi, na kambi kubwa ningeipa wawili. Mwalimu Leodgar anasema chuo chao kipo tayari kuleta wanafunzi wengine mwakani. Waje wakiwa na mahema yao. Tutawapokea kwa migebuka, tutawafundisha sarufi nusu nusu, na watakapojitambulisha kwa karani wataandikwa kihalali, kila mmoja kwa kinywa chake.

9. Utekelezaji.

Basi Jumamosi gari lije kama lilivyopangwa, mabadiliko ni ya abiria tu. Rahili nimemwambia kwamba kuna safari ya masomo. Amefurahi, amefua soksi. Nimemtengenezea vitumbua vya njiani, na naomba mgambo asiketi karibu naye. Akifika kambini mtunzieni mbio zake za asubuhi, ila watangazieni wenzake kila usiku kwamba hakuna kitu kinachokuja, la sivyo mtaamka na kambi haina mtu.

Ndugu Mwenyekiti, sina la zaidi isipokuwa matumaini kwamba utalitazama jambo hili kwa jicho la haki, na jicho la pili ulifumbe. Nisalimie afisa wako na umwambie kofia yake ilikuwa na vumbi, nilitamani kuifuta nikaogopa serikali. Nisalimie karani, mwambie siye huku tunamsamehe, na hapo asikie atakavyo. Nisalimie mgambo na tumbo lake. Nisalimie mama watoto wako na wote wanaokuvumilia ofisini. Safina anakusalimu, Bonaventura anakusalimu akiwa amelala chali, na Mwalimu Leodgar anakusalimu na kuomba radhi kwa makosa yote ya tahajia, kwani nilimkataza asinisahihishe. Eufrasia hakusalimu. Yupo mwaloni anaanika dagaa za Jumatatu, na nimeshindwa kumwuliza ni nani atakayeziuza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Kuruthumu Swaibu.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nilimpa Rahili barua hii aisome kwa sauti barazani, nikijiambia ni haki yake kusikia, na pia ni zoezi zuri la kusoma. Eufrasia alikuwa amerudi, akakaa mlangoni akisikiliza. Rahili alisoma yote, akakwama mahali pawili tu. Hakukasirika. Alisema yupo tayari kwenda Jumamosi kama ataachwa Eufrasia, ila alikuwa na swali moja kwa ajili ya historia yake, ambalo amewauliza majirani wote isipokuwa mimi, alinisahau. Akauliza: "Mama, babu yako alikuja Ujiji akiwa mkimbizi, au akiwa mkimbiaji?" Tofauti sasa anaijua.

Nikamwambia babu yangu Musa alikuwa mtu wa Kasongo, ng'ambo ya ziwa, huko Manyema. Alivuka akiwa mtoto, na mama yake, ndani ya mtumbwi, kijiji chao kilipochomwa wakati wa vita vya Wabelgiji. Nilikuwa nasimulia vizuri, kwa fahari, kama tunavyosimulia siku zote. Katikati nikasikia ninachokisema, nikanyamaza. Nyani haoni kundule. Rahili akanieleza kwa sauti ndogo kwamba Safina amemwambia hivyo hivyo, na Bonaventura, na Sheikh, na kwamba hayo hayahitaji kugawanywa. Eufrasia aliinuka pale mlangoni. Alikuja akaketi karibu nami.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, hoja zangu zote nazifuta, na maombi yangu nayaondoa. Rahili msimchukue, hana kosa ila la sarufi. Jumamosi mkija msianzie kwangu. Anzieni mwanzo wa mtaa, mbishe hodi nyumba hadi nyumba. Mkiipata hata moja ambayo aliyeijenga hakufika hapa akikimbia kitu, njooni kwangu, na mzigo wa Eufrasia nitaufunga mwenyewe.